Meno ya Chini ya Kukhu

Nekesa mwanangu,

Nakuandikia nikiwa kazini, kwenye meza yangu ya mapokezi katika kliniki ya meno hapa Kawangware. Ni Jumamosi, saa tisa mchana. Daktari ameshaondoka, mgonjwa wa mwisho ameteremka ngazi akiwa ameshika shavu, na wewe uko nyumbani Mashimoni kwa kinyozi, unanyolewa kama shule ilivyoagiza. Kesho asubuhi utaondoka kwenda bweni, na najijua: mbele yako nitasema habari za sabuni na soksi mpaka dakika ya mwisho. Kwa hiyo sabuni na soksi siziweki hapa. Nimeziandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku lako.

Nilidhani nitaiandika barua hii nikilia. Silii. Tangu Jumatano nimekuwa kama wale ninaowaona wakitoka kwenye kiti cha daktari baada ya sindano ya ganzi. Wanajua shavu lao liko wapi, wanaligusa kwa kidole, lakini halijibu.

Nataka kukueleza kuhusu kadi za wagonjwa. Jana ulishika kalamu ukaiandika kadi yangu, kwa hiyo unajua kazi yenyewe ilivyo. Hujui nilivyoifanya.

Daktari hushika chuma chembamba, butu kwenye ncha, chenye alama za milimita. Hukiingiza taratibu kati ya jino na fizi mpaka kigote. Fizi nzima hukiruhusu milimita mbili, labda tatu. Kikiingia zaidi ya hapo, kuna mfuko, na chini ya mfuko mfupa unaoshika jino umeanza kuliwa. Anapima sehemu sita kwa kila jino, anataja, naandika. Hiyo ndiyo safu ya kwanza. Akimaliza kinywa chote anarudi mwanzo kupima jambo la pili: fizi imejivuta kiasi gani kutoka kwenye shingo ya jino, pale ilipokuwa ikikaa zamani. Hiyo ni safu ya pili. Unajumlisha safu hizo mbili ndipo unajua jino limepoteza kiasi gani cha kushikiliwa.

Unaikumbuka nguzo ya kibanda cha makaa cha bibi yako, Kukhu, kule Silanga, ile ya upande wa mtaro? Kila mvua huondoka na udongo kidogo. Ukichomeka kijiti kando yake leo, kitaingia kidogo tu, na utasema nguzo iko imara. Utakuwa hujahesabu udongo uliokwisha kwenda na maji. Safu ya pili ni ule udongo uliokwenda.

Nilipoanza kazi hapa, miaka mitano iliyopita, sikuwa nikiisikia vizuri safu ya pili. Daktari huwa amechoka akifika huko, anazungumza ndani ya barakoa, mashine ya hewa inanguruma, na chini barabarani hupita yule mtu wa kipaza sauti: dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya mende. Siku ya kwanza niliposhindwa kusikia, nilisubiri arudie. Hakurudia, kwa sababu hakujua. Alikuwa ameshahamia jino lingine. Ningesema tu, "Daktari, sijasikia." Maneno mawili. Nilihesabu mapigo ya moyo wangu nikiyatafuta. Kisha nikaandika sifuri.

Sifuri ni rahisi kuandika. Inakaa vizuri ndani ya kisanduku.

Lakini unajua nilivyo, siwezi hata kudanganya bila kuweka kumbukumbu. Chini ya kila sifuri niliyoibuni nilitia nukta ndogo ya kalamu. Nilijiambia nitarudi nizirekebishe nikishazoea kazi. Nilizoea kazi, na sikurudi.

Kati ya kadi zile ilikuwemo ya Mzee Njuguna, yule mwenye ploti nyuma ya soko, ambaye baba yake alizaliwa hapa kabla ya nyumba hizi zote. Fizi zake zilikuwa zimejivuta sana, kwa hiyo mifuko yake haikuwa na kina. Mbili, mbili, tatu. Juu ya hapo lazima palikuwa na tano au sita za safu ya pili, ambazo mimi niliandika sifuri, sifuri, sifuri. Miezi minane baadaye alirudi. Siku hiyo alikuwepo daktari wa muda, ambaye hakumjua mzee. Alisoma kadi, akamwambia fizi zake ni za kijana, akamsafisha juu juu, akamwachia aende.

Kabla ya mwaka kuisha, mzee alipanda ngazi hizi akiwa na kiberiti mkononi. Alikifungua hapa, mezani pangu. Ndani kulikuwa na gego zima, refu, safi, bila hata tundu.

"Haiya, wewe msichana," akasema. "Hili si mlinipima mkasema liko sawa? Ona sasa, limenitoka nikila githeri."

Daktari wetu alitoka, akachukua kadi, akaigeuza. "Kadi inasema mbili, mbili, tatu. Mzee, hukugongwa?"

"Nigongwe na nani? Na maharagwe?"

Waliokuwa kwenye benchi walicheka. Mimi pia nilicheka, Nekesa. Nilisikia sauti yangu ikicheka na wengine. Mzee alipoteza mengine matatu mwaka uliofuata. Mpaka leo akipita huniletea ovakado kutoka kwenye boma lake, na hunisalimu, "Habari ya mwandishi?"

Zile ovakado ulizila. Ulisema ni tamu kuliko za sokoni.

Najua woga huo nilitoka nao wapi. Nilikuzaa nikiwa Kidato cha Tatu. Kukhu, mama yangu, alikuchukua ukiwa na wiki sita, akakubeba mgongoni huku akiuza makaa, akanirudisha darasani kwa nguvu. Siku ya kwanza niliinua mkono kuuliza swali la hesabu. Kabla sijafungua mdomo, maziwa yalipenya kwenye sweta. Mtu wa nyuma akasema, "Mwalimu, mama mtoto anataka ruhusa akanyonyeshe." Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao ili tusione anatabasamu. Sikuinua mkono tena. Nilipita mitihani yote nikiwa kimya, nikasomea utunzaji wa rekodi nikiwa kimya, na watu wakasema binti wa mama makaa ana nidhamu sana. Nilifikiri kutouliza ndiko kulikonifikisha hapa. Labda ni kweli. Ndiko kulikomfikisha pia Mzee Njuguna na kiberiti chake.

Sasa nije kwako.

Mwaka jana tulikuwa kibandani kwa Kukhu tukila mahindi ya kuchoma. Ulinionyesha gunzi lako. "Mum, cheki, hii hindi inatoa damu."

"Si hindi," Kukhu akasema, "ni wewe."

"Haiumi lakini."

Nikakuambia utumie mswaki laini. Ndivyo nilivyosema, mimi ninayekaa hatua tatu kutoka kwenye kile kiti, mimi niliyeandika vinywa vya nusu ya Kawangware. Baada ya hapo niliona damu kwenye mto wako mara mbili, nikageuza foronya. Sikukuleta. Nilikuwa nimejifunza kazini kwamba kisichoandikwa hakijatokea, na nilitaka kwa meno yako kisitokee.

Ni fomu ya shule iliyokuleta. Palikuwa na nafasi ya daktari wa meno kutia sahihi, na mimi nikaiweka mbele yake Jumatano nikitumaini atasaini tu. Akasema, "Mlete basi tumpime." Ukapanda kile kiti ukiwa na yunifomu ya shule ya zamani, ukifanya mzaha kwamba taa inakufanya ujione kama staa.

Mbili, tatu, mbili. Mbili, mbili, tatu. Nilianza kupumua. Kisha akafika kwenye magego ya kwanza. Saba, tatu, sita. Meno ya mbele ya chini: sita, tano, sita. Niliandika. Nimeitazama kadi ile tena leo, na sijawahi kuandika vizuri vile maishani mwangu.

Daktari alipiga picha, akaishika kwenye mwanga. Aliponionyesha mahali mfupa ulipochimbika kando ya gego, nilitikisa kichwa kama ninavyotikisa kwa mgonjwa yeyote.

"Miaka kumi na mitano," akasema. "Huu si uchafu wa mswaki. Huu ni ugonjwa unaopenda kukaa ndani ya ukoo. Kwenu kuna mtu aliyepoteza meno mapema?"

"Hapana," nikasema.

Wewe ukainua kichwa, mdomo bado umejaa pamba. "Ai, Mum. Na Kukhu? Si hana za chini?"

"Hizo alitolewa," nikamwambia daktari. "Ni mila ya zamani, wazee wetu wa magharibi walikuwa wanatolewa meno ya chini."

"Ah, sawa," akasema daktari, kwa sababu amewaona wazee wengi wa namna hiyo. Nami nikaandika kwenye kisanduku: Hapana.

Sikudanganya. Hilo nataka ulijue. Niliandika nilichokiamini maisha yangu yote. Tangu nikiwa mtoto nimemsikia Kukhu akiwaambia wateja, akicheka na lile pengo lake, "Mimi nilitolewa meno mchana kweupe na sikupepesa jicho!" Wanawake wa Silanga humheshimu kwa hilo. Hata wale mabibi wa Kijaluo waliotolewa kweli humwita mwenzao.

Ila jioni ile, nikikunja nguo zako, nilikumbuka kitu. Baba yake Kukhu alikuwa mzee wa kanisa. Mila hiyo aliipiga marufuku nyumbani kwake kabla Kukhu hajazaliwa. Na dada yake mkubwa, Robai, ambaye wewe ulimwona kwenye harusi, ana meno yote mpaka leo. Mambo hayo mawili nimeyajua tangu utoto. Sikuwahi kuyajumlisha.

Alhamisi niliomba ruhusa ya saa moja, nikaenda Silanga. Kukhu alikuwa akijaza makaa kwenye mikebe, amejifunga leso kiunoni, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Leo si siku yako," akasema. "Wamekufuta kazi?"

"La, Mayi. Nimekuja kuuliza. Nani alikutoa meno?"

Aliendelea kujaza. Alijaza mkebe mmoja, akauweka kwenye mstari, akaunyoosha ulingane na mingine. "Daktari wako ndiye amekutuma?"

"Nimejituma."

"Si unajua. Wazee."

"Wazee gani, Mayi? Babu alikuwa mtu wa kanisa."

Jirani yake wa sukuma wiki aliita kutoka ng'ambo, "Mama Makaa, huyo mgeni amekuletea posa?" Kukhu akamjibu bila kugeuka, "Amekuletea wewe, uolewe!" Jirani akacheka. Kukhu hakucheka. Akakaa juu ya gunia.

"Zilianguka," akasema. "Ya kwanza nikiwa na mimba yako. Wanawake wakasema kila mtoto huja na jino lake, nisihangaike. Halafu ya pili, ukiwa mgongoni. Halafu mbili, mwezi mmoja. Nilikuwa mtu wa miaka ishirini na nne. Naamka asubuhi, jino liko kwenye ulimi kama punje ya mahindi. Mama mkwe akaanza kusema nimekula kiapo cha uongo, ndiyo kinanitoka kinywani. Nikafunga mdomo. Mwaka mzima nilicheka nikiwa nimeziba na mkono."

"Na mila?"

"Nilipofika hapa, hakuna aliyenijua. Mama mmoja akaniangalia, akauliza, 'Na wewe ulitolewa?' Nikasema ndiyo. Akanipa kiti." Alipangusa mikono kwenye leso, ikazidi kuwa myeusi. "Mtu akikupa kiti, unakaa."

Nikamwambia kuhusu wewe. Nilimtajia namba, ingawa hazijui. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilidhani ni aibu yangu peke yangu," akasema. "Sikujua ni kitu kinachotembea."

Mteja akaja, nikamhudumia mimi. Nilipoinuka kuondoka, akanishika mkono wa sweta, akauacha na alama ya vidole. "Mwambie mtoto. Na huyo daktari. Watu wa Silanga usiwaambie, waachie mila yao."

Ndiyo maana jana nilimwomba daktari anipime. Miaka mitano, na sijawahi kukalia kile kiti. Msaidizi wake hakuwepo, wewe ulikuwa umekuja kusafishwa upande wa kwanza, na akakuambia, "Nekesa, shika kalamu ya mama yako."

Nililala pale nikitazama taa. Mdomo wazi, siwezi kusema, siwezi kuandika. Safu ya kwanza ilikwenda. Safu ya pili ilipoanza, yule mtu wa kipaza sauti akapita chini. Panya, kunguni, mende. Nikajua. Nikangoja kukusikia ukinyamaza.

"Daktari, pole," ukasema. "Hiyo ya mwisho sijaskia. Rudia."

Nilingoja.

"Tano," akasema daktari.

Basi. Hakukohoa, hakukunja uso. Ukaandika tano. Baadaye ukasema tena, "Ngoja, ngoja, kuna makelele," naye akangoja. Mara tatu ulimsimamisha. Mara ya tatu alicheka, akasema, "Huyu yuko makini kama mama yake."

Sijui kama uliniona. Machozi hayakutoka, kwa hiyo labda hukuona kitu.

Kwangu mimi, jumla ya meno mawili ya chini ni tisa na kumi. Hayatakaa. Mengine matatu yanaweza kushikwa. Kwako, mfupa uliokwisha kwenda hautarudi wenyewe, usimwamini mtu atakayekuuzia dawa ya kuurudisha. Uliobaki unaweza kubaki. Daktari alisema hivyo mbele yako na akarudia kwangu leo asubuhi, baada ya kumaliza upande wako wa pili: ameshasafisha chini ya fizi, sasa umalize dawa, kisha upimwe kila baada ya miezi mitatu, bila kuruka. Ukipimwa, meno hayo utakuwa nayo ukiwa na umri wa Kukhu. Usipopimwa, unayo miaka michache. Hakuna jambo lingine kubwa katika barua hii.

Miezi mitatu itaangukia katikati ya muhula. Itakubidi uende kwa matroni uombe ruhusa ya kwenda hospitali ya mjini, na kuna siku atasema ungoje, na kuna msichana atakayeuliza mbona unaenda kwa daktari wa meno kila mara na meno yako ni mazuri hivyo. Ni mazuri kweli. Hayaonyeshi. Sikuambii usiogope, mimi sijui mtu huachaje kuogopa. Nakuambia tu nilichokiona jana nikiwa nimelala: uliuliza, akajibu.

Leo, baada ya wagonjwa kuisha, nilifungua kabati. Nimetafuta kila kadi yenye nukta. Zimefika thelathini na moja. Wengine wamehama, wengine bado wako hapa, ninawaona sokoni. Nimezifunga kwa uzi na kuziweka katikati ya meza ya daktari, ya Mzee Njuguna ikiwa juu, na karatasi inayoeleza nukta ni nini na nani aliyezitia. Nimeandika kwamba wote waitwe wapimwe upya, na kwamba nitawaita mimi mwenyewe kama bado nitakuwa mfanyakazi wa hapa. Jumatatu atazikuta. Sijui atasemaje. Nimejaribu kuhisi hofu, na ninajua iko mahali fulani. Labda itakuja Jumatatu. Ukipiga simu nyumbani jioni hiyo na sauti yangu ikawa ndogo, utajua ni kwa nini, na haitakuwa kwa sababu yako.

Ndani ya bahasha hii nimeweka nakala ya kadi yako, safu zote mbili, na nakala ya picha. Kwenye kisanduku cha ukoo nimekata neno Hapana kwa mstari mmoja, ili lisomeke lilivyokuwa, nikaandika Ndiyo juu yake na kutia sahihi yangu pembeni. Ndivyo rekodi hurekebishwa. Huwa hatufuti.

Lakini kadi zinaweza kupotea, na daktari wa huko anaweza kuwa na fomu yake na karani wake. Atakuuliza kama kuna mtu kwenu aliyepoteza meno mapema. Sema ndiyo. Sema ni bibi yako mzaa mama, yalianguka yenyewe akiwa na miaka ishirini na nne, na sasa ni mama yako. Halafu mtazame yule anayeshika kalamu. Usishuke kitini mpaka uone ameandika.

Mama